Aliyeramba Chokaa ya Ukutani

Garsen, Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Zaituni,

Nimeandika bismillahi, nikaandika jina lako, kisha kalamu ikasimama hadi kahawa ikapoa kikombeni. Wewe uko Wema, umekwenda kumuaga bibi yako, na kesho utarudi na mtumbwi wa asubuhi upande lori moja kwa moja. Basi nina jioni hii tu. Duka nimelifunga mapema, na watu wanapita wakigonga dirisha, wanauliza kama Baba Zaituni anaumwa. Waache waulize. Nimeshakukumbuka, na hata hujaondoka.

Mambo ya safari sitayagusa. Shangazi yako Esha ameyasema yote, na mengine ameyasema mara tatu: sabuni iko wapi, nani wa kukaa karibu naye kwenye lori, nani wa kumpa mgongo, ukifika Mombasa ufikie kwa nani. Nikiongeza langu atasema namwingilia kazi yake. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka kumi na mitatu. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo. Mara ya mwisho ilikuwa Jumapili, ulipokuwa ukichagua mchele uani. Nikakohoa ili nianze, ukainua uso ukasema, "Baba, nikuletee maji?" Nikasema niletee. Nikayanywa bila kiu.

Sasa sina budi. Huko unakokwenda kujifunza uuguzi watakufundisha habari za mifupa. Dresa wetu wa zahanati hapa ameniambia kuna somo zima la mifupa, na ukutani huwa pana mchoro wa nyonga ya mwanamke. Siku hiyo utakumbuka jinsi mama yako alivyokuwa akitembea, na utajua kilichomuua. Kwa kuwa utajua, afadhali ulisikie kwangu kwanza. Wewe umekua ukiambiwa kwamba mama alifariki katika uzazi, kazi ya Mungu haina makosa. Uzazi ni kweli. Lakini na mimi nilikuwa na mkono wangu humo.

Mariamu nilimkuta Wema, kwenye shamba la mpunga la baba yake, anafukuza ndege kwa madonge ya udongo. Nilikuwa kijana wa Kipini, nimepanda mto na vitambaa na chumvi ya kuuza, kofia nimeivaa upande, najiona. Donge moja likanipata begani. Hakuniomba radhi hata kidogo. Aliniuliza, "Wewe ndege gani unapita na kanzu?" Nikaposa baada ya mavuno.

Nataka umjue alivyokuwa kabla yangu. Alikuwa mwanamke wa juani. Alilima, alitwanga, alipiga kasia, alibeba maji na huku anabishana na mtu aliye nyuma yake bila kugeuza shingo. Wewe ulizaliwa hapa Garsen, kati ya adhana ya alfajiri na chai ya asubuhi. Mkunga alilalamika kwamba ameamshwa bure, mtoto angeweza kuja mwenyewe. Tulicheka sana siku ile.

Kisha duka likakubali. Kwetu Kipini mtu akipata, huonyesha kwanza kwa mkewe: humtoa kisimani, humtoa shambani, humweka ndani. Shangazi yako alikuja kututembelea, akamkuta mama yako anarudi mtoni na jembe, matope hadi magotini. Aliniita kando akaniambia, "Ndugu yangu, mke wa mngwana haonekani yuani. Watu watanenaje?" Simlaumu Esha. Alinena nililokuwa nimeshaliwaza mwenyewe. Nikajenga nyumba hii, nikaleta chokaa kutoka pwani, nikapaka kuta za chumba ndani na nje, nyumba ya kwanza nyeupe katika mtaa wetu. Ua nikaufunika makuti. Dirisha nikalifanya dogo, juu kabisa, la kupitisha hewa tu. Nikamweka mama yako humo. Hakukataa. Alidhani ni mapenzi, na mimi pia nilidhani ni mapenzi.

Akakaa miaka mitano.

Maziwa tuliyapata kila asubuhi, wanawake wa Kiorma walinipitishia mlangoni, lakini yote niliyafanya samli ya dukani. Nyumbani tulikunywa chai kavu, isiyo na maziwa. Nilikuwa na maneno yangu ya kijinga, kwamba maziwa ni chakula cha watu wa ng'ombe, mngwana hula wali na mchuzi. Niliyasema haya nikiwa nimevimba kama ndiyo elimu.

Mwaka wa tatu akaanza kuumwa. Kwanza mgongo, kisha nyonga, kisha mapaja. Akikohoa, mbavu. Hakuwa na homa, hakuwa na kidonda, hakuwa amevimba popote. Aliniambia, "Baba Zaituni, si nyama inayouma. Ni mfupa wenyewe." Nikamwuliza mfupa unaumaje na haujavunjika. Akanyamaza. Nami nikahesabu kunyamaza kwake kuwa nimemshinda.

Wewe ulikuwa mdogo, lakini huenda unakumbuka ulivyokuwa ukimpa mkono ainuke mkekani. Alijisukuma kwa kushika mapaja yake mwenyewe, hatua kwa hatua, kama anayepanda ukuta. Akitembea, aliyumba huku na huku. Siku moja shangazi yako yupo, nikasema, "Tazama bata wangu anavyokuja." Tukacheka. Na yeye akacheka, Zaituni. Hilo la kucheka kwake ndilo linaloniamsha.

Halafu chokaa. Nilianza kuona mikwaruzo ukutani, upande wa kitanda, pale ambapo mkono wa aliyelala unafika. Nikadhani ni panya, nikadhani ni wewe. Kumbe ni yeye. Nilimkuta mchana amepiga magoti, anakwangua kwa ukucha na kuramba kidole. Wanawake wenye mimba hula udongo, hilo tunalijua, lakini huyu hakuwa na mimba wakati ule, na huu haukuwa udongo, ulikuwa ukuta wangu mweupe. Nikamwambia, "Wanilia nyumba?" Akasema mwili unaitaka, hajui kwa nini. Nikapaka upya. Akakwangua tena. Mara ya tatu nikasukuma kabati pale mahali. Lile kabati unaloliona hadi leo katikati ya ukuta, ambalo huwa unaniuliza kwa nini haliwekwi pembeni.

Mikono nayo ikaanza kumkaza. Vidole vilikutana ncha kwa ncha, kiganja kikajikunja, havifunguki mpaka vifunguke vyenyewe, na uchungu wake ulimtoa jasho. Watu wakasema ana pepo. Tukampunga siku saba, ngoma hapa uani, ubani, kila kitu. Siku ya nane vidole vikakaza tena. Nikasema basi, huyu ni mvivu wa kazi, na pepo wake ni uvivu. Nilimwambia usoni.

Ndipo akashika mimba ya mdogo wako.

Uchungu ulimshika Jumanne usiku. Jumatano kabla ya adhuhuri, mkunga yule yule aliyelalamika kwamba ameamshwa bure alitoka chumbani amelowa, akanivuta kando. "Mfupa umeingia ndani. Huyu mtoto hapiti hapa. Mpeleke Malindi sasa hivi." Lori lilikuwa sokoni, tayari kuondoka. Dereva mwenyewe alikuja hadi mlangoni akasema nitakupa nafasi nyuma, tuweke kitanda, twende. Lakini ilikuwa saa sita, soko limejaa, na kitanda kilipaswa kupita katikati ya soko. Mama yako hakuweza kuvumilia kitu juu ya mwili, hata shuka alikuwa akiitupa.

Nikamwambia dereva angoje maghribi.

Akasema, "Bwana, maji yameanza kupanda barabarani kule mbele ya Tarasaa. Tukingoja hatupiti." Nikasema angoje. Mama yako alisikia kutoka ndani. Akaniita. Akasema, "Nipeleke hivi hivi. Nani atanitazama mimi na hali hii?" Nikamjibu, "Nitatazamwa mimi."

Hayo ndiyo maneno yangu kwa mama yako. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Dereva alikuwa mtu mwema, alingoja. Jua lilipozama tukampandisha, nimemfunika vizuri kabisa, hana tena nguvu za kuitupa shuka. Mbele ya Tarasaa maji yalikuwa yamekata barabara. Malori yaliyotoka alasiri yalikuwa yamevuka. Tukarudi. Alifariki Alhamisi asubuhi, na mdogo wako, mwanamume, hakulia hata mara moja.

Nilikuambia Mungu amependa. Ulikuwa na miaka sita, ukaniamini.

Ungetaraji baada ya hapo nijifunze. Sikujifunza. Ulipofika miaka kumi na miwili nikakuweka ndani nawe, kama ilivyo ada, katika chumba kile kile. Ulikuwa ukipanda juu ya kasha ili uone nje kupitia lile dirisha dogo, mimi nikajifanya sioni. Mwaka wa pili ukaniambia miundi inakuuma jioni. Unakumbuka nilivyokujibu? Nilisema, "Asiyefanya kazi hakosi la kumuuma." Nilipokwisha kusema nikaenda dukani, nikapima sukari, nikakosea kipimo, kwa sababu nilijisikia ninasema yale yale niliyomwambia mama yako.

Ng'ombe wa Mzee Galgalo ndiye aliyekuokoa, na hujapata kuambiwa. Siku chache baadaye Galgalo, yule Muorma rafiki yangu wa samli, alikuja mbio dukani. "Ng'ombe yangu nazaa jana, leo nalala tu. Shingo napinda hivi. Bwana mifugo iko hapa? Wewe naonyesha mimi." Bwana mifugo alikuwa amepita kuchanja, amefikia kwa jirani yangu. Nikawapeleka, nikaenda nao hadi bomani. Ng'ombe amelala, kichwa amekigeuzia ubavuni, masikio ya baridi. Wanaume watano wamemzunguka tangu alfajiri, wamemzibia upepo kwa ngozi, mmoja anamsugua miguu. Nikasema, kwa ile busara yangu, labda amechoka tu. Galgalo alinitazama kama mtoto. "Ng'ombe nachoka, nalala vingine. Hii hapana choka. Hii naumwa. Mimi najua macho yake."

Bwana mifugo akatoa chupa, akaitundika juu ya mkono wake, akatia sindano kwenye mshipa wa shingo. Polepole, huku anasikiliza moyo. Ng'ombe akatetemeka mwili mzima, akateuka, akanya, na kabla hatujamaliza kahawa akasimama na kumlamba ndama. Nikamwuliza ni dawa gani. Akanisomea kwenye chupa: kalisiamu. Akasema ni jamii moja na chokaa. Imo katika damu, imo katika mifupa, imo katika maziwa, na ng'ombe huyu ameimwaga yote kwenye maziwa ya kwanza. Akasema kwa ng'ombe wa huku ni nadra, lakini hutokea.

Nikauliza, na binadamu? Akasema sana. Ikipungua katika damu, vidole hukaza na misuli huuma. Ikikosa kuingia mifupani, mifupa hulegea, huuma bila kuvunjika, na ya nyonga huinama ndani. Kuila peke yake hakutoshi, alisema. Mwili hauishiki bila jua kuipiga ngozi. "Mtu aliyefungiwa gizani," akasema, "hata akila ukuta mzima haimfai." Alisema tu, yule bwana. Hakuwa anajua.

Nilirudi kwa miguu peke yangu. Kesho yake nilikupeleka Wema kwa bibi yako, nikamwambia mpe jembe na umpe maziwa. Bibi yako akasema, "Umechelewa na mmoja." Hakusema zaidi, si siku ile wala baadaye, na kila nikimpelekea nguo ya Idi huipokea kwa mikono miwili. Wewe ulilia ukidhani nimekufukuza. Shangazi yako hakusema nami mwezi mzima. Sokoni nikaitwa mwenye binti wa mashambani. Ulipoanza shule ya huko ulikuwa umewazidi wenzako darasani kwa kichwa na mabega, na miundi ikaacha kuuma. Ulikuja likizo umekuwa mweusi wa jua, unabishana, na sauti ilikuwa ya mama yako kabisa. Nilitoka nje nikajifanya natafuta mbuzi. Mbuzi hatuna.

Mwaka jana nawe uliniona nikigaagaa sakafuni. Ulidhani nakufa, na mimi nilidhani hivyo hivyo. Ubavu ulinikata hadi kinenani, nikaita mama yangu aliyekufa zamani. Hapakuwa na kidonda, hapakuwa na uvimbe, hakuna aliyeweza kuona chochote. Je, nani aliniuliza ubavu unaumaje na haujavunjika? Watu wanne walininyanyua na kitanda, saa saba mchana, katikati ya soko, kikoi kimenifunguka nusu, wakanipandisha lori. Walinitazama wote, wakaniombea, na hakuna heshima yangu iliyopungua. Kumbe ni vijiwe vya figo. Vilipotoka, dresa alinieleza kwamba viko vya namna nyingi, lakini vingi vina kalisiamu ile ile. Mama yako ilimkosa, mimi ilinirundikia mawe. Niliposikia hilo nilimwambia dresa macho yameingia moshi.

Kwa hiyo sina nasaha, mwanangu, maana mtoa nasaha huwa amefaulu. Nina nilichokiona tu. Atakuja kwako mwanamke akuambie mfupa unamuuma, na hutaona kitu. Mumewe atakuwa amesimama nyuma yake, amevaa vizuri, kofia yake safi, na atakuambia kwamba mkewe ni mvivu. Mtazame huyo mume vizuri, utanikuta. Usimtukane, maana ukimtukana atamrudisha mkewe nyumbani. Mkalishe, mpe kiti, kisha mwulize yule mwanamke na umngoje ajibu mwenyewe. Galgalo alimsikiliza hata ng'ombe.

Nitakukumbuka, Zaituni. Nitakumbuka unavyoniita kutoka uani hata kama niko hapo hapo, na unavyonikosoa bei mbele ya wateja. Mama yako namtamani kila siku. Namtamani yule wa shambani mwenye donge la udongo, lakini zaidi namtamani yule wa chumbani, niliyekuwa naye nyumba moja na sikumsikiliza. Ningempata nusu saa tu ningeliondoa lile kabati.

Barua hii nitaitia chini kabisa ya sanduku, chini ya leso zako. Usiisome ndani ya lori, mbele za watu. Ukiisoma, na ukaona huwezi kuniandikia, sitatuma mtu kukuuliza, na fedha za matumizi zitakuja kama kawaida. Ninalokuomba ni jibu la swali moja. Dresa ningeweza kumwuliza, na mara mbili nimefika mlangoni pake, lakini ni rafiki yangu, hunywa kahawa kwangu, angenifariji. Wewe ni mtoto wa Mariamu, hutanifariji kwa uongo. Siku watakapokufundisha nyonga iliyoinama, na namna madaktari wanavyomtoa mtoto asiyeweza kupita, nunua stampu, uniandikie kweli. Neno moja linatosha, hata usipotia salamu.

Ningembeba saa sita, angepona?

Baba yako